Mtandio Uwanjani: Kutoka Dadaab hadi Minneapolis

Voliboli ni mchezo wa mikono miwili. Mpira ukishuka upande wako, mikono yote inatakiwa iwe tayari, na anayechelewesha mmoja anapoteza pointi. Msichana aliyejifunga mtandio wa kawaida, ule wa kuzungushwa kichwani na kubanwa kwa pini chini ya kidevu, huingia uwanjani na mkono mmoja. Wa pili una kazi nyingine. Akiruka, kitambaa kinapanda. Akiinama, kinamfunika macho. Pini ikifunguka humchoma, au inadondoka mchangani na mchezo unasimama watu waitafute. Jua la saa tisa likizidi, kitambaa kinalowa jasho, kinaganda shingoni, na anayecheza anaanza kufikiria kivuli badala ya mpira. Wenzake wakishindwa, watu wa pembeni husema wasichana hawana kipaji.

Mtu wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ameyaona haya mara nyingi. Kuanzia Sangailu na Hulugho kusini, ambako malisho yanaelekea msitu wa Boni na mpaka wa Somalia, kupitia Masalani na Bura hadi Garissa mjini, kisha Dadaab kaskazini, mavazi ya stara ni sehemu ya malezi ya binti. Hayaondolewi getini pa shule, wala hayawekwi kando kwa sababu kipenga kimepulizwa. Swali la binti anayependa mchezo halijawahi kuwa avue au asivue. Swali lake ni la fundi: nani atamshonea nguo itakayotulia mwilini anapokimbia?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko inavyosimuliwa kwenye habari za kimataifa, na sehemu yake muhimu ilipita katika ardhi yetu.

Kule Dadaab, kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, serikali ya Somalia ilipokuwa imeporomoka na watu wakivuka mpaka kwa miguu. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka wa njaa wa 2011 zilikuwa zimebeba zaidi ya 450,000. Katika miaka ya 2000, kabla ya wimbi hilo la njaa, walikuwepo maelfu ya wasichana waliozaliwa kambini, wasioujua mji mwingine wowote. Shule zilikuwepo, lakini kadiri madarasa yalivyopanda ndivyo wasichana walivyopungua. Kazi za nyumbani, ndoa za mapema na hofu ya njiani viliwabakiza nyumbani. Michezo ilionekana kuwa njia mojawapo ya kuwavuta warudi na kuwashikilia shuleni.

Hapo ndipo shirika la wakimbizi la UNHCR lilipoungana na kampuni ya Nike katika mpango wa michezo na elimu kwa wasichana wa Dadaab. Walipoanza waligundua jambo ambalo mama yeyote wa Ifo angewaambia siku ya kwanza: mipira na nyavu pekee hazikutosha, kwa sababu wasichana hawakuwa na cha kuvaa. Fulana na bukta za misaada hazikuwafaa. Nguo zao za kila siku zilikuwa nzito, ndefu, zenye kunasa miguu. Basi wabunifu wa Nike wakakaa na wachezaji wa voliboli wenyewe, wakasikiliza wanachotaka na wasichokubali, na ikapatikana sare nyepesi yenye kifuniko cha kichwa kisichohitaji kushikwa. Kufikia 2006 vyombo vya habari vya nje vilikuwa vimeiandika habari hiyo.

Ziangalie habari zile kwa jicho la mtu wa Garissa. Jina la kampuni limo na la shirika limo. Dadaab imetajwa kama mahali pa shida. Wasichana waliosema mkono uwe mrefu hadi wapi, shingo ifungwe vipi, kitambaa kipi kinachoma na kipi hakichomi, wameandikwa kama wapokeaji wa msaada. Naona hapo pana dhuluma, ingawa hakuna aliyekusudia uovu. Anayekwambia nguo ikatwe vipi ili ifae ameshiriki kuibuni, hata kama hajashika mkasi.

Dadaab haikuwa peke yake. Kule Uholanzi, Cindy van den Bremen, mwanafunzi wa ubunifu mjini Eindhoven, alichukua mwaka 1999 suala la wasichana waliozuiwa kushiriki masomo ya michezo kwa sababu ya pini na mitandio yao, akalifanya mradi wake wa kuhitimu. Mradi huo ukawa kampuni ya Capsters. Australia, Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon aliyehamia huko akiwa mdogo, alimtazama mpwa wake akicheza netiboli na mtandio, suruali na fulana juu ya fulana, uso umeiva kama nyanya. Akarudi nyumbani akaanza kukata kitambaa. Kwanza alishona kofia ya michezo iliyoungana na fulana, akaiita hijood. Mwaka 2004 akashona vazi la kuogelea ambalo dunia nzima ililijua baadaye kwa jina la burkini.

Zanetti ndiye aliyeonja mapema utamu na uchungu wa kuwa mfanyabiashara anayeandikwa na magazeti ya mataifa. Agosti 2016 mameya wa miji ya pwani ya Ufaransa walipopiga marufuku vazi lake, simu yake haikupumzika. Mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa ilisimamisha mojawapo ya amri hizo tarehe 26 mwezi huo. Zanetti alisema kwamba tangu 2008 alikuwa ameuza nguo takriban 700,000, na kwamba kila fujo ikitokea mauzo yanapanda. Alihojiwa kuhusu ugaidi, haki za wanawake na siasa za Ulaya. Kuhusu mshono, aina ya kitambaa, au namna mama mmoja alivyojenga kiwanda kutokana na tatizo la mpwa wake, aliulizwa kidogo mno. Mtindo huo wa kuuliza umewafuata karibu wafanyabiashara wote waliomfuata katika kazi hii.

Uwanjani nguo zilianza kujieleza zenyewe. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mbio za mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006, kichwa kikiwa kimefunikwa. Miaka miwili baadaye alikuwa Beijing kwenye Olimpiki, akiwa amevaa hijood ya Zanetti, na akaongoza kundi lake la awali. Kwenye mbio hizo hizo za Beijing alikimbia msichana wa Mogadishu, Samia Yusuf Omar, mwembamba, kitambaa cheupe kwenye paji la uso, viatu amesaidiwa na Wasudani. Alimaliza wa mwisho katika kundi lake kwa sekunde 32.16, na uwanja mzima ukampigia makofi. Aprili 2012 alizama baharini akijaribu kuvuka kwenda Ulaya, akitafuta kocha wa kumwandaa kwa London. Pengo kati ya wasichana hawa wawili lilikuwa kubwa kuliko nguo: mmoja alikuwa na nchi nyuma yake, mwingine alifanya mazoezi katika mji wa vita. Lakini nguo nayo ilikuwamo. Vazi lililokatwa kwa ajili ya mwili wa mkimbiaji ni ishara kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekaa akamfikiria.

Vyama vya michezo navyo vilichelewa. Mwaka 2007 msichana wa miaka 11 alitolewa uwanjani karibu na Montreal, Kanada, kwa sababu ya mtandio, na bodi ya sheria za soka duniani ikaunga mkono uamuzi huo. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mjini Amman mechi ya kufuzu Olimpiki, na ikapoteza bila mpira kuguswa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za usalama: kitambaa kingeweza kumnyonga mchezaji, kingeweza kupandisha joto la kichwa. Hapo kazi ya washonaji ikawa ushahidi. Mitandio ya kufunguka yenyewe ikivutwa, inayofungwa kwa velcro badala ya pini, ikapelekwa mbele ya bodi. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan akalishikilia suala hilo hadi majaribio yakaruhusiwa Julai 2012, na ruhusa kamili ikatolewa Machi 2014. Mpira wa kikapu ulisubiri hadi Mei 2017. Mshono uliifungua milango ambayo hotuba zilikuwa zimeigonga kwa miaka.

Na wale wa Dadaab? Wengi walibaki. Wengine walipata bahati ya kuhamishiwa nchi za mbali, na mji uliowapokea Wasomali wengi zaidi Marekani ni Minneapolis, jimbo la Minnesota. Walianza kufika miaka ya 1990, wakifuata kazi za viwandani na ndugu waliotangulia. Mtaa wa Cedar-Riverside, wenye maghorofa marefu yaliyojengwa mwaka 1973, ukajaa lugha ya Kisomali na Kioromo, na harufu ya chai ya viungo na sambusa. Ilhan Omar, aliyeishi kambini hapa Kenya miaka minne utotoni, alichaguliwa mwaka 2016 kuliwakilisha eneo hilo katika bunge la jimbo.

Katikati ya mtaa huo kuna kituo cha jamii kiitwacho Brian Coyle, chenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wavulana waliutawala. Fatimah Hussein, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Somalia aliyefika Marekani akiwa mtoto, aliona wasichana wakisimama mlangoni wakitazama. Akadai saa zao. Akapata muda wa ukumbi kuwa wa wanawake peke yao, milango ikafungwa, wazazi wakatulia, na mabinti wakaanza kucheza. Kutokana na hilo akaanzisha shirika la michezo ya wasichana lijulikanalo kwa kifupi G.I.R.L.S.

Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote aliyoyafanya baadaye. Kabla ya kitambaa alitafuta nafasi. Wafanyabiashara wengi huanza na bidhaa, halafu wakatafuta wa kuinunua. Yeye alianza na wasichana na ratiba ya ukumbi, na bidhaa ikajitokeza yenyewe pale mabinti walipoanza kutamani kucheza nje ya milango iliyofungwa, mbele ya watu, dhidi ya timu za shule nyingine. Saa za faragha zilikuwa zimetatua nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ilihitaji fundi.

Chuo Kikuu cha Minnesota kikaingia. Watafiti wa michezo ya wasichana na walimu wa idara ya ubunifu walikaa na wachezaji wa Cedar-Riverside, wakawapa karatasi na kalamu. Mabinti walichora wenyewe. Walijadili urefu wa kanzu ya kuchezea, wakajaribu sampuli, wakakimbia nazo, wakarudi kulalamika. Mama zao waliitwa kutoa maoni, na hili halikuwa adabu tu: bila ridhaa ya mama, nguo ingebaki kabatini. Katikati ya 2015 sare zilizinduliwa, kanzu fupi juu ya suruali ya kubana, na mtandio usio na pini. Wachezaji walipanda jukwaani kuzionyesha, na habari ikaenea mbali na Minnesota.

Linganisha na Dadaab miaka kumi nyuma. Wazo ni lilelile, mabinti ni wa damu moja, na hata mbinu ya kukaa na wachezaji ni ileile. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeongoza alikuwa mwanamke wa jamii hiyo, mwenye shirika lake, na aliweza kulifanya jambo kuwa biashara. Pamoja na mwenzake Jamie Glover, Hussein akaanzisha kampuni na kuiita ASIYA, jina la mke wa Firauni ambaye Waislamu humheshimu kwa uimara wake. Mwaka 2016 walichangisha mtaji kupitia mtandao wa Kickstarter. Mitandio yao ilikuwa ya kitambaa cha michezo kinachokausha jasho, ya kuvutwa kichwani na kutulia, na mmojawapo ulitengenezwa kwa ajili ya majini.

Magazeti na redio zikawafuata. Hussein akawa sura ya habari: mwanamke Msomali, mwenye hijabu, mjasiriamali, katika mwaka ambao siasa za Marekani ziliwalenga wahamiaji na Waislamu waziwazi. Naelewa kwa nini waandishi walivutiwa. Lakini katika habari nyingi za namna hii, aya za juu huwa za Trump na marufuku ya kuingia Marekani, na kitambaa kinakuja chini kabisa, kama bado pana nafasi. Mwanamke aliyepigania saa za ukumbi kwa miaka hugeuzwa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Kisha ikaja Machi 2017. Nike ilitangaza mtandio wake wa michezo, ikiwa na picha za wanariadha wa Falme za Kiarabu, mtelezaji wa barafuni Zahra Lari na mnyanyua vitu vizito Amna Al Haddad. Uliingia madukani Desemba mwaka huo kwa dola 35. Dunia ilishangilia kana kwamba hakuna aliyewahi kuwaza jambo hilo. Katika tangazo hilo na katika sherehe zilizofuata, sikuisikia Dadaab ikitajwa, ingawa kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekaa na wasichana wa Dadaab zaidi ya miaka kumi kabla. Hili linaniuma. Kampuni kubwa haikuhitaji kuvumbua historia mpya. Ilikuwa nayo tayari kabatini, ikaiacha.

Na mlango uliofunguliwa haukubaki wazi kila mahali. Februari 2019 kampuni ya Decathlon ililazimika kuahirisha kuuza mtandio wa kukimbilia nchini Ufaransa, baada ya matusi na vitisho kwa wafanyakazi wake. Oktoba mwaka huo, jimboni Ohio, mkimbiaji wa shule ya sekondari, Noor Alexandria Abukaram, alifutiwa matokeo ya mbio za nyika baada ya kuvuka mstari, kwa kukosa barua ya ruhusa ya kuvaa mtandio. Katika Michezo ya Paris ya 2024 Ufaransa iliwazuia wanariadha wake kuvaa hijabu, ilhali wageni waliruhusiwa. Siku ya mwisho Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, alipanda jukwaani kuchukua dhahabu ya marathoni akiwa amejitanda hijabu, na pembeni yake alisimama Mkenya wetu Hellen Obiri na shaba yake.

Nyumbani je? Biashara ya nguo ni ya watu wetu. Nyumba ya wageni ya Garissa Lodge mtaani Eastleigh, Nairobi, iligeuzwa soko mapema miaka ya 1990 na wafanyabiashara Wasomali, wengi wao wakimbizi, waliokuwa wakiuza vitambaa vyumbani. Kutoka hapo Eastleigh nzima ikawa bohari la nguo la Afrika Mashariki, lenye mizigo ya Dubai, Istanbul na Guangzhou. Mitaji ipo, na ujuzi wa kujua kitambaa kwa kukigusa upo. Hata hivyo mtandio wa michezo haukuzaliwa Eastleigh wala Garissa. Biashara yetu imejengwa juu ya kuleta nguo iliyokwisha kushonwa, na muuzaji huleta kile anachojua kitaondoka wiki hiyo. Nguo ya mchezo kwa binti haina soko kama binti mwenyewe hachezi, na binti hachezi kama hana mwalimu wa kumpeleka uwanjani.

Walimu ndio kidonda chetu. Baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa 2014 na yale ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, yaliyoua watu 148, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaskazini mashariki. Mwanzoni mwa 2020, walimu walipouawa Kamuthe, hapa Garissa, wengine wakahamishwa. Kila mwalimu anayeondoka huondoka na somo lake, na mara nyingi na timu pia, kwa kuwa mwalimu wa jiografia ndiye huyo huyo kocha wa voliboli. Maeneo ya Hulugho na Sangailu, yaliyo karibu na Boni ambako operesheni za kijeshi zimedumu tangu 2015, yameumia zaidi kuliko mjini. Huwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kutowekeza mahali ambapo timu huvunjika kabla ya msimu kwisha. Lakini timu zilizodumu zipo, wasichana wao wanacheza, na bado wanacheza na mkono mmoja kwenye kitambaa.

Dola 35 za mwaka 2017 zilikuwa zaidi ya shilingi 3,500. Timu ya voliboli ya wachezaji 12 ingehitaji zaidi ya shilingi 42,000 kwa vichwa pekee, kabla ya kununua mpira. Mzazi wa Sangailu anayeuza mbuzi kulipa karo hawezi, wala hapaswi kuombwa. Ila kazi yenyewe haina siri. Ni kitambaa cha jezi kinachovutika, vipande viwili au vitatu, uzi wa kuvutika, mashine ya kumalizia pindo, na mtu wa kupima kichwa na shingo ya binti mmoja baada ya mwingine. Mafundi wa Garissa hushona sare za shule kila Januari, kwa maelfu. Bodi ya shule moja ikiingiza mitandio ya michezo kwenye oda yake ya sare, na kuwataka wachezaji wenyewe waseme shingo ifungwe vipi, fundi atakuwa na sampuli ya kuipelekea shule ya pili, na wasichana watakuwa na nguo ya kuvaa michezo ya kanda itakapoanza.